Mtu Haachwi Shimoni

Kabiro, Kawangware
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Nakusalimu wewe na Mama na wote mlio hapo bomani. Natumaini mvua imewakumbuka huko Kitui, kwamba pojo zimetoka ardhini, na kwamba goti lako limeacha ule ukaidi wa Krismasi. Mwambie Mama kitambaa alichonitumia kimenifaa, na fundi amekishona bila kukiharibu, jambo ambalo kwa huyo fundi ni muujiza. Huku tu wazima, tunasukuma siku. Mwanao Ian ndiye bado anakohoa kidogo, na huyo Ian ni mmoja wa walionifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kosa ni lako, Baba, usinitazame vibaya. Kila nikikupigia unaweka simu kwa spika na kuiegemeza kwenye chupa ya chai, halafu kila aliye karibu anaongea nami. Juzi nilikuwa katikati ya kukueleza mambo ya ndani ya nyumba yangu nikasikia mchungaji akiitikia amina. Haya ninayotaka kukuambia leo si ya spika. Nimempa Everlyne wa shangazi bahasha hii, nimeifunga kwa gundi kisha kwa selotepu, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza, wewe mwenyewe utaamua nani asikie.

Unajua kuwa Madam Wanja, mwenye kampuni, aliniondoa kwenye meza ya kupokea simu akanifanya ofisa wa usalama wa vijana wake, Ian akiwa mmoja wao. Tuna malori ya egzosta ya kunyonya vyoo na mashimo ya maji taka huku Kawangware na kule Kibera, na mvua inapokaribia tunapewa pia mitaro ya barabara tuizibue. Nilipelekwa kozi, nikafundishwa habari za gesi na kamba na hewa, nikarudi na cheti na ari kubwa ya kazi. Cheti bado kiko ukutani. Ari ndiyo imeanza kunitoka.

Baba, heri ningepewa mbuzi niwafundishe. Mbuzi ukimfunga kamba anaweza kulia, lakini hakuulizi kama unamwona mtoto. Niliwagawia vijana glavu nzito, baada ya muda nikaziona kwa Audrey, mke wa Ian, akichotea makaa. Helmeti wanazikalia wakila mandazi. Zile barakoa za kuchuja hewa, ambazo Madam Wanja alizinunua akilalamika kama aliyeng'olewa jino, wanazivaa shingoni kama tai ya harusi, na nikikohoa tu karibu nao wanazipandisha mdomoni hadi nipite. Mkanda wa kujifunga mwilini, ule ambao kamba hushikizwa mgongoni ili mtu aweze kuvutwa juu akizidiwa, waliupa jina la nepi. Mwanamume mzima hawezi kuvaa nepi mbele ya wapangaji, walisema.

Na kuna maziwa. Hilo unalijua kunishinda, maana ndiyo dawa yenu tangu zamani. Kila mfanyakazi lazima apate pakiti ya maziwa kabla ya kushuka, ati yanaosha kifua na kushika sumu. Niliwaeleza kwa upole kwamba maziwa huenda tumboni na gesi huenda mapafuni, na hizo ni njia mbili zisizokutana. Walinisikiliza vizuri sana. Kisha Madam Wanja akapunguza maziwa ili tununue kipima gesi, kale kamashine kanakolia hewa ikiwa mbaya, wakagoma siku nzima. Gerishon, dereva wetu na ndiye mkubwa wao, alisimama akasema kwa niaba ya wenzake kwamba kipima gesi hakinyweki. Maziwa yakarudi. Kipima gesi pia tulikipata baadaye, lakini walikuwa wakikifungia kwenye dashibodi ya lori kisichafuke.

Hayo yote ningeyavumilia, maana glavu zinanunuliwa tena. Kilichokuwa kikinikosesha raha ni kanuni moja, ile kubwa kuliko zote. Wewe umefanya kazi hii, unaijua ile harufu ya mayai viza inayotoka shimoni. Vijana huitumia kama kipimo: ikiwepo wanangoja, ikiisha wanashuka. Kumbe gesi hiyo ikizidi huua pua kwanza. Mtu anadhani hewa imesafika, na ndipo amefika mahali pa kufa. Huvuta pumzi mara chache tu akalegea. Sasa aliye juu akimwona mwenzake ameanguka, anaruka ndani kumtoa, naye anavuta hewa ileile, analegea, na wa tatu anafuata. Ndivyo shimo moja linavyozika watu wengi wa kikosi kimoja. Kwa hiyo kanuni ni kwamba mwenzako akianguka, humfuati. Unabaki juu, unawasha feni ya kusukuma hewa, unamvuta kwa kamba, unaita msaada. Uhai wa aliye chini uko kwa yule aliyebaki juu.

Niliifundisha kanuni hiyo katika ukumbi wa kanisa tuliokodi hapa Kabiro hadi koo likakauka. Niliandika ubaoni kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, wakasema hiyo ni methali ya watu wa kujificha chini ya kitanda. Siku moja nilijaza gunia pumba, nikalivisha helmeti, nikalitumbukiza katika shimo tupu la mazoezi, nikawaambia huyu ni mwenzenu amezimia, nionyesheni mtafanya nini. Gerishon alilitazama gunia. "Madam," akasema, "gunia nitaliacha huko, hiyo ni rahisi. Lakini hapo kukiwa na Ken? Ken siwezi acha." Wote wakapiga makofi. Ken mwenyewe, mmoja wa vijana wetu wa kushuka, alisimama akamkumbatia.

Nikawauliza ni nani aliyewaambia kwamba kushuka ndiko kumsaidia mtu. Wakanijibu bila kusita, Baba. Wakakutaja wewe.

Hadithi yako naijua kuliko sala ya Baba Yetu, lakini acha nikuandikie vile wao wanavyoisimulia, uone nilichokuwa nikipambana nacho. Wanasema mlikuwa mkizibua mtaro mkubwa kando ya reli pale Laini Saba, wewe na rafiki yako Dalmas, kabla sijazaliwa. Dalmas alishuka kwenye shimo akanyamaza. Wewe ukapasua pakiti ya maziwa, ukaimaliza kwa mkupuo mmoja, ukafunga leso puani, ukajitupa ndani, ukatokea na Dalmas begani kama gunia la mahindi. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la kikosi, kwamba mtu haachwi shimoni. Gerishon amelichora kwa rangi nyekundu nyuma ya lori. Madam Wanja aliliona akasema linavutia wateja. Basi hebu niambie, mimi ni nani nibishane na rangi nyekundu? Kila nikifungua mdomo kuhusu kamba, Ian ananikata mbele ya watu wote: "Siz, buda aliingia bila hizo mashine zako." Na mimi ni binti yako. Ningesema nini?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mliambiwa kwamba Ian alilazwa kwa sababu ya kifua, kwamba baridi ilimwingia. Ndivyo alivyotaka mwambiwe, na Audrey akakubaliana naye, nami nikanyamaza kwa kuwa presha ya Mama ilikuwa imepanda wiki hiyo. Haikuwa baridi.

Tulikuwa tukinyonya shimo kubwa la ploti moja ya kupangisha, si mbali na hapa ninapokaa. Ilikuwa mchana, akina mama wamejaa kwenye mifereji wakifua. Kwa kuwa nilikuwepo, vijana walifanya yote kwa heshima: walisimamisha ile winchi ya miguu mitatu juu ya shimo, wakatoa feni kwenye lori, na Ken akavaa hata ile nepi. Mpira wa kunyonyea ukaziba. Mara nyingi huwa ni pampasi za watoto, watu hutupa kila kitu chooni. Nilisema mtu yeyote asishuke hadi hewa ipimwe, na kipima gesi kilikuwa kwenye dashibodi, na dashibodi ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa Gerishon. Nikaenda naye kando ya lori kuufungua. Ken akaona tunachelewesha kazi. Harufu ilikuwa imeisha, akasema. Alishuka kwa vile vyuma vya ngazi na mkanda wake mwilini, lakini kamba hakuishikiza kwa sababu ilikuwa ikimkwaruza shingo. Tuliporudi na kipima gesi mkononi, alikuwa amelala kwenye uchafu huko chini, uso umegeukia ukuta.

Ian alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo na pakiti ya maziwa. Nilimwona akiinywa, Baba. Nilimwona kwa macho yangu akiimaliza, akaitupa, akafunga shati puani. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la babu, nilimwita kwa kila namna. Alinitazama akasema, "Mimi ni mtoto wa Muia," akaingia. Hakufika hata kwa Ken. Alilegea katikati ya ngazi, mkono mmoja ukakwama kwenye chuma, akabaki akining'inia kama koti.

Wapangaji walikuwa wameshafika wakipiga mayowe, na wanaume wawili walikuwa wakivua viatu ili nao waingie. Niliwazuia kwa mwili wangu. Mmoja alinisukuma akaniita mchawi. Katika kelele hizo sikujua Gerishon yuko wapi, nikadhani na yeye ameshuka, na moyo wangu ukafa kabisa. Kumbe alikuwa ameenda kuwasha feni. Alilitumbukiza bomba lake shimoni, akalala kifudifudi kwenye ile saruji chafu, akarusha kamba hadi ikanasa mkono wa Ian, akamvuta, mimi nikiwa nimeshika miguu ya Gerishon. Kisha akachukua ule mti mrefu wenye ndoano ya chuma tunaotumia kuvutia takataka, akautelemsha, akautafutia mahali, akaunasisha kwenye mkanda wa Ken pale mgongoni, akaufunga mti huo kwa kamba ya winchi, akaniamuru nizungushe. Alikuwa akilia muda wote huo. Hakukosea hatua hata moja.

Ken alitoka akiwa wa rangi ya majivu, lakini alipumua. Ian alipumua kwa shida. Hospitali waliwawekea oksijeni wote wawili, Ken akatoka upesi, Ian akabaki kwa kuwa maji machafu yalikuwa yamemwingia kifuani. Mungu ni mwema. Daktari aliniambia kwamba kama wangevutwa baadaye kidogo, tungekuwa tukizungumza lugha nyingine.

Sasa sikiliza kinachoniudhi hadi leo, kinachonifanya niamke nimekunja ngumi. Unadhani ni nani anayesifiwa hapa Kawangware na kule Laini Saba? Ni Ian! Ian ambaye hakumtoa mtu yeyote, Ian ambaye yeye mwenyewe alitolewa kama taka, sasa anaitwa Muia Mdogo. Wanamnunulia soda. Ken amemwita mtoto wake mchanga jina la Ian. Na Gerishon, aliyewatoa wote wawili wakiwa hai, anaitwa mwoga. Wanasema alikuwa hapo, mzima, ana nguvu, na hakuingia. Wanasema alivua watu kama samaki. Rangi nyekundu ni ya lori lake mwenyewe, na watoto wa mtaa humsomea akipita: mtu haachwi shimoni.

Nilienda kwake Laini Saba, kile chumba kinachotazama reli. Nilimkuta amekaa kwenye stuli, mlango umefungwa mchana kweupe, lori ameliacha uwanjani bila dereva. Nafuna, mke wake, alinikaribisha chai lakini hakunitazama usoni. Nilimwambia Gerishon kwamba alifanya kila kitu vile nilivyofundisha, hata vile ambavyo sikujua kama alivisikia. Nilimwambia hakumwacha mtu, kwamba wote walitoka. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza ukumbini.

"Lakini sikuingia, Madam," akasema. "Mguu ulikataa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu. Nilikasirikia watoto wa mtaa, nikamkasirikia Ian na soda zake, na nisamehe, Baba, nikakukasirikia hata wewe.

Wiki iliyofuata Dalmas alikuja kumwona Ian. Anakusalimu sana. Bado analima kijishamba chake kule Silanga kando ya bwawa, na alituletea mfuko wa mboga, managu na sukuma, akisema mgonjwa wa kifua hahitaji soda. Alikuta chumba kimejaa vijana wa kikosi, Ian amekaa kitandani akisimulia, kila mara shimo likiwa refu zaidi. Wakamwona Dalmas wakafurahi mno. Wakamketisha katikati kama shahidi, mtu aliyebebwa begani na Muia mwenyewe. Mmoja akaigiza Gerishon akivua kwa ndoano, wakacheka hadi Ian akashikwa na kikohozi. Dalmas hakucheka. Aliweka kikombe chini, akasema amechoka, akaniomba nimsindikize hadi barabarani.

Hatukufika barabarani. Alisimama kando ya kibanda cha kuuza makaa, akavua koti, akanipa nilishike, kisha akapandisha shati hadi kwapani mbele ya wapita njia. Chini ya kwapa ana makovu matatu marefu, yamepangana sawasawa, yamekunjana kama ngozi ya goti.

"Nyathina, mwanangu, hii ni reki ya babako," akaniambia. "Mtu akibebwa kwa bega, atatoa wapi alama kama hii?"

Baba, Dalmas ameniambia yote. Usimkasirikie, nakuomba. Alisema amenyamaza miaka yote hii kwa ajili yako, na sasa anasema kwa ajili ya yule Gerishon.

Aliniambia hukuingia. Aliniambia alipozimia hakuona chochote, lakini wachuuzi wa kando ya reli waliokuja kusaidia walimsimulia. Walikukuta umetia mguu mmoja shimoni, umeutoa, umeutia tena, umeutoa. Kisha ukashika ile reki ndefu ya kuvutia uchafu, ukalala chini, ukamtafuta mwenzako gizani hadi meno yakamshika. Mkamvuta wote pamoja. Na Dalmas akaniambia neno moja ambalo wachuuzi hao walikusikia ukilirudia pale chini, kama mtu anayeomba.

"Alikuwa anasema, 'Nina mtoto anakuja. Nina mtoto anakuja.'"

Watu wengine walipofika waliwakuta nyote wawili mmepakaa tope hadi nywele, kichwa cha Dalmas kiko mapajani mwako. Mama mmoja wa kuuza chapati akapiga kelele kwamba Muia ameingia amemtoa mwenzake, na kabla hamjanawa hadithi ilikuwa imeshafika Makina. Dalmas alipopona alikuuliza kama awasahihishe. Ukamwambia, wacha tu. Akaacha. Baadaye, anasema, hadithi ikawa kubwa kuwashinda nyinyi wawili, na wewe ukawa unakwepa kukaa naye.

Nilisimama pale na koti lake mikononi, muuza makaa akituuliza kama tunanunua au tunazuia wateja. Nilikuwa nikikumbuka vitu. Pasaka ile mchungaji alipokutaja kwenye mahubiri, mtu aliyeshuka kaburini kwa ajili ya rafiki, ukainamisha kichwa, na sote tukasema tazama unyenyekevu wake. Harusini mwangu, mshereheshaji alipoanza habari za Laini Saba, ukatoka nje kuangalia kama mvua itanyesha, na ilikuwa Agosti. Sijawahi kukusikia ukiisimulia wewe mwenyewe, hata mara moja. Wengine ndio husimulia, na wewe hutazama kikombe chako. Ulikuwa ukidhani wewe ni nini, Baba, miaka hiyo yote? Nimelia kwa ajili hiyo kuliko nilivyolia hospitalini.

Sasa niseme bila kuzunguka. Sijaandika kukuaibisha. Tangu nikiwa mtoto nilijisifu shuleni kwamba baba yangu aliingia. Leo ningejisifu zaidi kama ningeruhusiwa kusema ukweli, kwa sababu nimeenda kozi, nimefundishwa na wataalamu, nimepewa cheti, na yote niliyofundishwa kule wewe uliyafanya kwa woga wako na reki. Ulimtoa Dalmas akiwa hai. Ungeingia, wachuuzi wangekuta maiti mbili, wangezifunika magunia, na hakuna mtu ambaye angechora neno lolote kwenye lori.

Ian anarudi kazini mwezi ujao, mara tu daktari akimruhusu. Ametangaza wazi kwamba mwenzake akianguka tena ataingia tena, na safari hii atafika chini. Hasemi kwa utani. Nimemfokea, Audrey amemlilia, Madam Wanja amemtisha kumfuta kazi, na sikio la kufa halisikii dawa. Anasema yeye ni damu yako. Mimi siwezi kumwambia alichoniambia Dalmas, kwa kuwa si changu kukitoa, na hata nikisema ataniambia nimekusingizia ili nishinde ubishi. Dalmas naye ameapa hatasema bila wewe. Umebaki wewe tu.

Njoo, Baba. Goti likikusumbua chukua gari la asubuhi, ukae kiti cha mbele, nami nitakupokea stendi. Lakini usianzie kwa Ian. Nitakupeleka kwanza Laini Saba kwa Gerishon, katika kile chumba alichofunga mlango, mkae wawili nami nitabaki nje na Nafuna. Hapa Nairobi nzima simjui mtu mwingine anayejua jinsi mguu unavyokataa na jinsi mtu anavyoishi baadaye. Mwambie wewe. Mimi nimemwambia kwa lugha ya kozi na haikumsaidia.

Kisha tutaenda kwa Ian. Ukitaka kusema mbele ya kikosi chote nitakodi ukumbi. Usipotaka, usiseme ukumbini, sitakulazimisha, mwite huyo mtoto wako nje mwambie peke yake kwamba hukuingia. Mtoto aliyekuwa anakuja siku ile alikuwa mimi, lakini Ian hakuwa hata amefikiriwa. Mwambie ungeingia, yeye hangekuwepo duniani kunywa soda za watu, kukohoa usiku na kunizeesha kabla ya wakati wangu.

Msalimie Mama, umwambie mwenyewe habari za Ian, kwa upole, akiwa ameketi na ameshakunywa dawa yake. Wasalimie shangazi na mchungaji, na mwambie mchungaji simu yako haina nafasi yake tena. Everlyne anarudi huku Alhamisi. Ukishindwa kuandika, mpe neno moja tu aniletee, nitaelewa. Mungu akutunze, na goti lako pia.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Nzilani